UZI: Mwaka wangu wa tatu nafundisha Kiingereza Isan, Thailand. Tuulizane

Msukuma wa Isan (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila baada ya wiki mbili tatu mtu anauliza humu kama kuna nafasi za kufundisha Kiingereza Asia. Majibu huwa yale yale. Mmoja anasema haiwezekani, wanataka wazungu tu. Mwingine anasema "njoo PM (ujumbe wa faragha) nikupe koneksheni". Nimeona watu wakikata tamaa kwa jibu la kwanza, na nimeona wengine wakipotea kwa jibu la pili. Nikaona niandike ninachokijua, tena hapa hadharani, kila mtu asome.

Mimi ni mwalimu wa kusomea, Kiingereza na Historia. Nilimaliza chuo 2017, nikasubiri ajira za serikali bila kupata, nikafundisha shule binafsi Mwanza miaka minne na ushee. Mwishoni mwa Aprili 2023 nikapanda ndege Dar, nikapitia Addis, nikashuka Bangkok. Sasa hivi niko mkoa wa Khon Kaen, kaskazini mashariki, kama kilomita 450 kutoka Bangkok. Ukanda wote huu unaitwa Isan. Ni nchi ya mpunga, joto, na watu wa shambani. Anayetafuta picha za fukwe na boti hatazipata huku.

Kwanza niseme kuhusu "wanataka wazungu tu", maana lina ukweli nusu. Korea Kusini, viza ya mwalimu wa Kiingereza wanapewa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Sisi hatumo, hata uongee kama mtangazaji wa BBC. Thailand sheria haikufungii mlango kwa paspoti. Inataka shahada, na kwa sisi ambao nchi zetu hazihesabiwi za Kiingereza, shule zinataka cheti cha mtihani, mara nyingi TOEIC kuanzia alama 600 (mwisho wake ni 990) au IELTS. Mimi nilifanya IELTS Dar kabla sijaondoka.

Lakini mlango wa sheria ni mmoja na mlango wa mwajiri ni mwingine. Huku mwajiri anataka kuona na picha yako. Nilituma maombi 43. Shule moja tulishaongea kwa simu vizuri kabisa, mpaka tarehe ya kuanza wakanitajia. Wakaomba picha. Nikatuma. Hawakujibu tena. Nililala na ile simu kifuani usiku ule. Nawaambia hili ili likikukuta usidhani Kiingereza chako ndicho kibovu.

Sasa karatasi. Shule ikishakukubali, inakuandalia barua, wewe unaomba viza ya Non-Immigrant B, ile ya kazi, ukiwa bado nyumbani. Ubalozi wa Thailand unaotuhudumia Watanzania uko Nairobi. Utahitaji cheti cha chuo, transkripti, na hati ya tabia njema ya polisi, ile ya kuchukuliwa alama za vidole. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tanzania na Kenya zimo kwenye orodha yao, na pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, kuna kaunta ya afya unayopita kabla ya uhamiaji. Niliona kijana ametolewa kwenye foleni kwa sababu kadi yake iko kwenye begi alilokabidhi Addis.

Ukifika, viza inakupa siku 90. Ndani ya siku hizo, shule inakushughulikia kibali cha kazi, na inakuombea ruhusa ya muda kwa baraza la walimu, Khurusapha, kama huna leseni yao. Halafu uhamiaji wanakuongezea mpaka mwaka, baht 1,900 (baht ndiyo fedha ya huku). Kila siku 90 unaripoti unapoishi. Ukichelewa faini ni baht 2,000. Na hapa ndipo wageni wengi wanapoangukia: ukitoka nje ya nchi bila kuchukua kibali cha kurudi (baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi), ule muda wako wote unakufa pale pale mpakani. Unaanza upya.

Maswali karibuni. Nitajibu jioni, mchana niko darasani.

Mgosi wa Soni

Mkuu asante sana, uzi wa maana huu. Mimi niende kwenye pointi: mshahara na maisha. Unabaki na kitu?

Msukuma wa Isan

Mgosi, nilianza na baht 25,000 kwa mwezi. Wakati ule baht moja ilikuwa kama shilingi 70, hesabu mwenyewe. Mwanza nilikuwa nalipwa 350,000, na kuna miezi haikuja. Chumba nalipa 3,500, kina bafu na kabati, feni nilinunua. Chakula cha mchana walimu tunakula shuleni. Jioni sahani ya som tam, ile kachumbari yao ya papai bichi, na wali wa kunata kwenye kikapu kidogo, baht 50 au 60 nimeshiba.

Ukiishi kama wenyeji unabaki na kitu. Ukitaka kuishi kama mtalii hubaki na chochote.

Ila angalia mkataba. Mimi mwaka wa kwanza niliajiriwa kupitia wakala. Shule inamlipa wakala, wakala anakata chake, wewe unapata kilichobaki, na mkataba ni wa miezi 10. Mwaka wa shule huku unaanza katikati ya Mei, muhula wa pili Novemba, wanafunga Machi. Kwa hiyo Aprili yote sikulipwa hata baht moja, na nilikuwa sijaweka akiba kwa sababu sikuisoma ile kurasa ya nne. Mwaka wa pili nikahamia shule inayoajiri yenyewe, miezi 12. Kasomeni kurasa ya nne.

Nyar Nyanza

Nawasalimu kutoka Hai Phong, Vietnam. Mimi ni Mkenya. Haya anayosema ndugu yangu ni kweli tupu, naongezea ya upande wangu.

Huku wanataka digrii na cheti cha kufundisha Kiingereza cha masaa 120. Kazi nyingi ziko kwa vituo vya jioni na wikendi, watoto wadogo wa miaka minne mitano, kuimba na kuruka. Mtu amezoea kufundisha Form Three fasihi, hapa utafundisha rangi na matunda. Ujiandae.

Shida yangu kubwa ilikuwa kuthibitisha makaratasi. Vietnam hawana ubalozi Nairobi, ilibidi vyeti vyangu vipitie ubalozi wao ulioko Dar es Salaam. Nilipanda basi mara mbili. Kwa hivyo nyinyi wa Tanzania mko na afadhali, hiyo kazi mnaimaliza kwenu.

Kijana wa Ilemela

Na China vipi? Naona matangazo mengi.

Mzee wa Wuhan

Nimesoma China, nimeondoka 2022, nijibu hili.

Sheria yao ya mwalimu wa Kiingereza inataka raia wa nchi zile zile za orodha ya Korea hapo juu, shahada na uzoefu wa miaka miwili. Waafrika wengi waliokuwa wanafundisha walikuwa na viza ya mwanafunzi, wanaingia shule za chekechea kwa mlango wa nyuma. Mwenzangu wa hosteli alikamatwa darasani, watoto wakiangalia. Alikaa ndani siku kadhaa, akarudishwa nyumbani akiwa amebakiza muhula mmoja kumaliza shahada ya pili. Muhula mmoja.

Halafu Julai 2021 serikali yao ilibana masomo ya ziada ya kulipia. Vituo vilifungwa kwa maelfu. Kwa hiyo tangazo la leo la China linalosema "raia wa nchi yoyote", liogope.

Msukuma wa Isan

Mzee, umesema jambo kubwa. Na Thailand iko hivyo hivyo, msije mkadhani huku ni holela. Ukikamatwa unafanya kazi bila kibali, faini ni baht 5,000 mpaka 50,000 na unarudishwa kwenu. Ukipitiliza muda wa viza ni baht 500 kila siku, mwisho 20,000. Wapo watakaokwambia "ingia kwa viza ya utalii, tutabadilisha ukifika". Wapo waliobadilishiwa. Wapo pia walioambiwa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, huku shule inawalipa nusu kwa sababu inajua hawana pa kushtaki.

Mama Tumaini

Kaka, samahani nauliza kwa haraka. Mdogo wangu wa mwisho, ana diploma ya hoteli, amepata kazi Thailand ya kufundisha Kiingereza kwa mtandao. Hawajamtaka cheti chochote. Mshahara dola 1,500. Tiketi wanamlipia wao. Anatakiwa kusafiri Jumamosi. Akifika Bangkok dereva atampokea kumpeleka mji unaitwa Mae Sot. Nimesoma uzi wako nimeingiwa na wasiwasi. Ni sahihi?

Msukuma wa Isan

Dada, asiende. Nimetoka darasani kujibu hili.

Mae Sot iko mpakani na Myanmar. Ng'ambo ya mto Moei kuna mji wa Myawaddy, na pale kuna makambi yamezungushiwa kuta ambamo watu wanafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni, wanajifanya wapenzi, wanajifanya wawekezaji. Anayekataa anapigwa, anapigwa shoti ya umeme, au familia inadaiwa fedha ndipo aachiwe. Wakenya waliokolewa huko 2022. Februari 2025 walitolewa watu maelfu kwa pamoja, na Waafrika walikuwemo wengi, Waethiopia, Wakenya, hata wa kwetu Tanzania. Wengi waliahidiwa kazi Thailand: huduma kwa wateja, hoteli, na kufundisha Kiingereza.

Angalia dalili moja moja. Hawakutaka cheti cha shahada, wakati hakuna shule ya halali huku inayoweza kumwombea mtu kibali cha kazi ya ualimu bila shahada. Tiketi wanalipa wao, wakati shule zetu hazimlipii mgeni hata basi. Kazi ni ya mtandao, lakini lazima awe mpakani. Muulize viza yake imeandikwa nini. Kama ni ya utalii, basi.

Mwambie ukweli wote, usimwambie nusu. Akikataa kukusikiliza mpe namba yangu, nakutumia PM, nitampigia mimi, hata usiku wa manane. Tafadhali.

Nyar Nyanza

Mama Tumaini, msikize huyu ndugu. Kijana wa kijiji jirani na kwetu alipita hiyo njia. Alirudi, lakini hasikii vizuri sikio la kushoto. Mchukue paspoti umfichie ikibidi.

Mgosi wa Soni

Nimesoma nimesisimka mwili. Mods naomba huu uzi ubaki juu.

Mama Tumaini

Nawashukuru sana wote. Nimekaa naye jana usiku na baba yetu mdogo. Viza kweli ni ya utalii. Alipowaambia anaahirisha walibadilika, wakaanza kumtukana na kumdai hela ya tiketi. Hapo ndipo alipoamini. Amelia sana, maana alishaaga mtaa mzima. Paspoti iko kwangu.

Msukuma wa Isan

Mungu ni mwema, dada. Sikulala. Hizo hela msiwalipe, na hiyo namba wapeni polisi.

Sauda wa Kigoma

Mleta uzi, mimi ni mwalimu kama wewe, shahada ninayo. Nataka kuuliza jambo ambalo naona halijaulizwa. Sisi Kiingereza tumekikuta sekondari. Kweli unasimama mbele ya watoto wa watu ukiwa hata wewe si lugha yako? Hujisikii vibaya?

Msukuma wa Isan

Sauda, nimelisoma swali lako asubuhi nikakaa nalo siku nzima, maana ndilo nililokuja nalo Thailand.

Nimezaliwa Magu. Nyumbani ni Kisukuma. Shule ya msingi nikakutana na Kiswahili. Kidato cha kwanza, siku moja tu, masomo yote yakageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Niliyekuwa wa tatu darasani nikawa bubu. Shule yetu ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni mpaka umkamate mwenzako. Nilikivaa wiki nzima kwa sababu nilikuwa sitaki kumkamata mtu. Mwalimu akidhani sielewi somo, kumbe nilikuwa naelewa, sina tu la kusemea.

Sasa nije Isan. Watoto hawa nyumbani wanaongea Kiisan, ambacho ni ndugu na Kilao cha ng'ambo ya Mekong. Shuleni wanafundishwa Kithai cha Bangkok. Kiingereza ni cha tatu. Sauda, ni mimi mtupu! Siku ya kwanza nimeingia darasani, watoto 42, kiranja akasimama akatoa amri, wote wakasimama wakaimba "Good morning, teacher" kwa ile sauti ya kuvuta, ile ile ya Magu. Nilishika meza.

Kulikuwa na kijana dirishani, kidato cha pili, hakuwahi kufungua mdomo wiki sita. Walimu wenzangu wakasema mwache, huyo ni wa nyuma. Siku moja nafundisha sauti za mwisho za maneno. Kithai hakimalizi neno kwa "s" wala "l". "Bus" inakuwa "bat", "football" inakuwa "futbon", "hotel" inakuwa "hoten". Mwalimu wa Uingereza aliyenitangulia alikuwa akiwasahihisha kwa kurudia neno kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nikawaandikia ubaoni namna sisi tunavyosema: basi, futiboli, hoteli. Nikawaambia, nyie mnaukata mkia wa neno, sisi tunauongezea mkia. Wote tunatoka mbali, tukutane katikati. Nikawaambia wanisahihishe mimi nikiongeza, na mimi niwasahihishe wakikata.

Yule kijana akanyoosha mkono. Akasema, taratibu, na kidole mdomoni kuisikia ile pumzi: "Bussss." Darasa likageuka lote kumwangalia. Akarudia. Toka siku hiyo akija langoni asubuhi ananisalimia kwa neno moja jipya lenye sauti ya "s" mwisho. Jana lilikuwa "rice".

Kwa hiyo hapana, sijisikii vibaya. Aliyezaliwa na lugha hakumbuki alivyoingia ndani yake. Mimi nakumbuka kila ngazi, na nakumbuka ipi ilikuwa imevunjika. Darasani kwangu anayeongea Kithai au Kiisan haadhibiwi. Namuuliza, unataka kusema nini? Akisema kwa lugha yake tunaitafutia Kiingereza pamoja.

Ninachojisikia vibaya ni kitu kingine: haya ninayowafanyia watoto wa Khon Kaen, walionitangulia hawakunifanyia mimi, na mimi mwenyewe kule Mwanza sikuwafanyia wanafunzi wangu. Nilikuwa nafundisha kama nilivyofundishwa. Imebidi nivuke bahari nikione.

Sauda wa Kigoma

Umeniliza mwalimu. Na heshima kwa mwalimu huko ikoje? Nasikia ni kubwa.

Msukuma wa Isan

Ni kubwa. Kila mwaka kuna siku ya kuwaheshimu walimu, wai khru, mara nyingi Alhamisi ya Juni. Walimu tunakaa jukwaani, wanafunzi wanakuja kwa magoti wakiwa wamebeba sinia la maua waliyosuka wenyewe. Kuna ua la biringanya, kwa sababu huinama, ndiyo unyenyekevu. Kuna nyasi zinazotambaa, elimu isambae. Kuna ua la ixora lenye ncha, akili iwe kali. Mara ya kwanza binti alipopiga goti mbele yangu nilimkumbuka mama. Kwetu Usukumani binti humsalimia mkubwa kwa goti hivyo hivyo. Nikamwitikia kwa Kisukuma bila kujua.

Msalaba wake ni kwamba mwalimu hana mapumziko. Saa moja na nusu asubuhi uko langoni unapokea salamu, saa mbili kamili bendera inapanda na wimbo wa taifa, wote mmesimama juani. Kumfelisha mwanafunzi ni kazi ngumu, utaambiwa umpe mtihani wa kurudia mpaka afaulu. Hili sikubaliani nalo, nimeshasema kikaoni, wakanisikiliza kwa adabu, hakikubadilika kitu.

Kijana wa Ilemela

Kusafiri je? Umetembea?

Msukuma wa Isan

Kidogo. Treni ya Nong Khai mpaka mtoni, unavuka daraja la urafiki unafika Laos, Vientiane. Usivuke bila kile kibali cha kurudi nilichosema. Chiang Mai nimeenda kwa basi la usiku. Songkran, mwaka mpya wao, tarehe 13 mpaka 15 Aprili, sijasafiri kabisa. Familia ya mwalimu mwenzangu ilinichukua kijijini. Vijana tuliwamwagia wazee maji ya manukato mikononi, wao wakatuombea. Bibi mmoja alinishika mkono, akaugeuza kiganja, akaulinganisha na wake, akasema kitu kwa Kiisan. Mwenyeji wangu akatafsiri: viganja vyetu rangi moja.

Sauda wa Kigoma

Swali la mwisho. Nikija, vitu gani nibebe kutoka nyumbani?

Msukuma wa Isan

Vyeti halisi na nakala zilizothibitishwa, mbili mbili. Sketi ndefu chini ya goti, mwalimu wa kike huku havai suruali siku nyingi. Viatu vya kuvua haraka, kwa sababu utavivua mlangoni mara kumi kwa siku. Dawa ya nywele na mafuta yako, huku mafuta mengi ya madukani ni ya kung'arisha ngozi, soma kopo kabla hujapaka. Unga wa dona usibebe, nimepata mahindi sokoni, nasaga mwenyewe kwa blenda.

Na bebeni akiba ya miezi miwili. Mshahara wa kwanza utachelewa.

Nilale, kesho zamu ya lango ni yangu. Wa PM nitawajibu Jumamosi, lakini kama swali lako linaweza kumsaidia na mwingine, liulize hapa.